Sweta ya Chumba cha Seva

Shangazi yangu alitunza chumba cha seva za shirika kwa miaka tisa, sweta mwilini. Nje jua linawaka, ndani yeye anatetemeka, kwa sababu meneja alishikilia kiyoyozi kibaki nyuzi joto kumi na sita. "Mashine zinapenda baridi," alisema, na mle ndani hakanyagi.

Shangazi akasoma viwango vya kimataifa vya kompyuta na mazingira, akakuta nyuzi ishirini na tano hazina neno. Meneja akacheka. "Haya, jaribu. Ikizima hata moja, usinitafute."

Kila Jumatatu akapandisha nyuzi moja na kuiandika kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni. Wiki tisa. Hakuna seva iliyokohoa, na umeme wa kiyoyozi ukapungua kwa theluthi.

Walipokuja wakaguzi wa viwango, meneja akatanua kifua: "Tumefuata kiwango."

Tumefuata! Mtu mzima ovyo.

"Wewe na nani?" mkaguzi akauliza, akiisoma ile karatasi yenye mwandiko mmoja tu.

Shangazi akavua sweta, aliyoivaa sasa kwa mazoea tu, mbele yao wote, akamwekea meneja mabegani.

"Vaa, bosi. Baridi ya seva imeisha; sasa imebaki kwako tu."