Udi wa Shangazi na Macho Yangu

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyepika udi wa maharusi pale Malindi miaka ya themanini. Aliyeyusha sukari, akatia vipande vya udi, miski na marashi ya waridi, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Nguo za bibi harusi alizitandaza juu ya tenga, chini yake chetezo chenye makaa na udi, moshi ukapanda polepole mpaka kila uzi unukie. Nilimwonea fahari, na mpaka leo namwonea.

Mimi, niliyelelewa naye, nilikuwa na macho yasiyo na haya: yaliniwasha mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa na miaka kumi. Niliyafikicha yakawa mekundu, kope zikavimba, na asubuhi niliamka zimegandana. Ubao wa darasani niliuona kwa ukungu, na mwalimu alishaanza kusema nirudishwe darasa la nyuma. Shangazi akanitibu kwa alichokijua. Alinifunika kanga gubigubi, akaniinamisha juu ya chetezo.

"Vumilia, mwanangu. Udi huondoa kila baya."

Nilivumilia, na macho yakazidi.

Mwishowe akanipeleka zahanati. Muuguzi, kijana wa bara, alimwamkia shikamoo, kisha akanipindua kope na kuchungulia.

"Mama, huyu ana aleji. Vumbi ndiyo inaanzisha, halafu moshi inachubua macho na kuzidisha. Akiendelea kufikicha ataharibu macho kabisa. Huko nyumbani kuna moshi?"

"Moshi wa kuni au wa udi?"

"Moshi ni moshi, mama."

Njia nzima shangazi alinuna. Mtu wa bara atajuaje udi!

Lakini hakuwa mtu wa kubishia jambo kabla hajalipima, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Dawa ya matone tuliyopewa zahanati ilipoisha na macho yakaanza tena kuwasha, alichukua kipande cha mkaa, akawa anachora mstari nyuma ya mlango kila aliponiona nafikicha. Wiki ya kwanza alifunga dirisha la barabarani, kulikopita malori ya mawe yakitimua vumbi. Mistari ikapungua kidogo. Wiki ya pili jiko la kuni likatoka ndani, likaenda uani. Ikapungua tena. Wiki ya tatu paka wetu akahamishiwa kwa jirani, bure tu, maskini, maana mistari haikubadilika. Udi aliuweka wa mwisho, nami nilijua kwa nini.

Wiki ya nne chetezo kilikaa baridi. Ilipokwisha, nyuma ya mlango palikuwa na mistari mitatu tu. Shangazi aliihesabu mara mbili.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Niliumia kuliko nilivyowahi kuumizwa na macho. Nilitaka kumwambia si yeye, lakini nilikuwa naona vizuri mno kuweza kudanganya.

Tangu siku hiyo alipikia udi wake kwa rafiki yake, mtaa wa pili, na hakunikumbatia kabla hajaoga na kubadili nguo. Sikurudishwa darasa.

Nilipoolewa, miaka kumi baadaye, wanawake walikuja wakitarajia udi ambao mji haujapata kuunusa. Hawakuukuta. Nguo zangu shangazi alikuwa amezilaza sandukuni siku nyingi, kila pindo na maua yake ya mkadi na asumini ya kulitia harufu. Minong'ono ikaanza: maharusi wa watu anawafukiza, wa kwake mwenyewe amemfanyia ubahili! Mwanamke aliyeishi kwa sifa ya udi wake aliyasikia yote, akawapita.

Aliingia chumbani, akaniinulia shela, akanishika kidevu na kunigeuzia dirishani penye mwanga. Akayakagua macho yangu, moja, kisha la pili, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka yote ile. Aliporidhika ndipo akafungua mlango, wageni wakaingia.