Kompyuta Niliyoifunga kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya wilaya Kilosa, sikuruhusiwa kugusa taipureta. Katibu Muhtasi Mkuu, mama mkali mwenye miwani ya kamba, alinikalisha pembeni nimtazame. Alipachika karatasi mbili na kaboni katikati, ile nyeusi inayotoa nakala, akaanza kugonga bila kuangalia vidole. Mlango ulipobishwa alitupa kitambaa juu ya mashine, akasimama.

"Umeona, binti?" aliniuliza mgeni alipotoka. "Mgeni akiingia, funika kwanza, salamu baadaye. Siri za watu si maonyesho."

Basi nikafunika. Nilifunika Kilosa, nikafunika Magole nilipohamishiwa ofisi ya kata, na nilipopelekwa shule ya sekondari upande wa Mikumi niliendelea kufunika. Huko nilichapa mitihani kwenye stenseli, karatasi ya nta ya kurudufia, na hakuna mtihani hata mmoja uliovuja mezani kwangu. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Kisha ikaja kompyuta mpakato. Taipureta ulivyoiacha jana ndivyo ulivyoikuta leo. Hii unaiacha salama, asubuhi kitufe cha kuchapa kimehama bila kuaga. Wanaita apdeti, yaani programu zinajisasisha zenyewe. Nilimuuliza Mkuu wa Shule, kijana wa umri wa mwanangu wa pili.

"Inajirekebisha, mama."

"Kwani iliharibika?"

"Hapana."

"Sasa inarekebisha nini?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania, na mpaka leo sijajibiwa.

Mwaka wangu wa mwisho, siku ya mwisho ya kukamilisha taarifa za watahiniwa wa kidato cha nne, alibaki msichana mmoja, Nashipai. Namba ya cheti chake cha kuzaliwa ilikosekana kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni, na bila namba hiyo hafanyi mtihani. Mfumo ulikuwa unafungwa saa kumi jioni. Baba yake, mfugaji, alikuwa njiani na cheti. Saa nane kompyuta ikaamua kujisasisha. Ikaandika nisiizime, ikaanza kuhesabu asilimia. Ilipofika themanini na saba, mzee akabisha hodi.

Mkono wangu haukuniuliza. Nilifunga kifuniko, nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Cheti hiki hapa."

Nilipofungua, kioo kilikuwa cheusi. Nilibonyeza, nikashikilia, nikasubiri, nikaisemesha. Giza tupu. Mkuu wa Shule alikuwa kwenye kikao Kilosa, nikampigia.

"Tumia simu yako, mama. Ingia kwenye tovuti, jaza namba, halafu bonyeza Thibitisha, upande wa kulia."

"Mkuu, huku hakuna kulia! Ni mstari mmoja tu unateremka."

"Hilo ni toleo la simu, linaficha baadhi ya vitu. Bonyeza vile vistari vitatu juu, chagua mwonekano wa kompyuta."

Nikachagua. Maandishi yakawa madogo kama ufuta. Nikayavuta kwa vidole, kitufe kikakimbilia nje ya kioo. Nikakirudisha, nikabonyeza, ikadai muda wangu umekwisha, niingie upya. Mzee ameketi ametulia, fimbo magotini, ananitazama kama mtu anayejua kazi yake. Niliona aibu. Saa kumi kasoro dakika chache simu ikaandika: Imepokelewa.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, mzee."

Akarudi kwa ng'ombe wake, kusikokuwa na mtandao.

Kesho yake fundi akaifufua kompyuta. Nikafungua ukurasa ule ule, jina lile lile: Haijakamilika. Simu inasema imepokelewa, kompyuta inasema haijakamilika. Mkuu wa Shule alidhani kompyuta inaonyesha ukurasa wa zamani ilioutunza. "Nadhani, mama." Nadhani! Barua yangu haijawahi kutoka ofisini kwa nadhani. Tuliwaandikia wenye mfumo kuuliza, hatukujibiwa. Kila nilipokutana na Nashipai uwanjani amekumbatia madaftari, nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Nilistaafu Ijumaa. Waliniaga kwa kitenge na hotuba kuhusu umakini wangu, nami nikainamisha kichwa. Jumatatu asubuhi, siku ya mtihani, nilirudi shuleni nikiwa si mfanyakazi wa mtu yeyote, nikasimama nje ya lango. Baba yake Nashipai alikuwapo. Alikuja tu kumsindikiza.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza lipi lilikuwa gumu, nami huwaambia sijui. Sijui hata leo kwa nini chombo kimoja kilisema hivi na kingine vile. Ninachojua ni kwamba msimamizi alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani na orodha, akaita jina moja moja, nami nilishika nondo za lango mpaka vidole vikafa ganzi. Akaita, "Nashipai." Binti akaitika, akaingia.

Machozi yakanishuka mbele za watu. Mzee akanigeukia, akashangaa.

"Mama, vipi? Kuna mtoto amekosa jina?"

"Hapana, mzee," nilimwambia. "Wote wameingia."