Tanga Lililokatwa Kama Suruali

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za taipu, mtu wa bisibisi ndogo na subira kubwa, na kwa miaka minne alijenga mashua ya plaiwudi uani kwetu huku mama akilalamika kwamba hana pa kuanika nguo. Wote wawili hawapo sasa, na ua ule umejengwa vyumba vya kupangisha. Lakini nikisikia harufu ya gundi ya mbao, popote nilipo, nasimama kwanza.

Mashua ilikuwa imebakiza tanga tu kiharusi kilipompiga baba. Kilimwachia mguu wa kuburuta, mkono wa kushoto usiofanya kazi, na maneno yanayotoka moja moja. Mimi ndiye niliyesema mashua iuzwe. Nilikuwa binti mkubwa, nimechoka na hospitali, na nilijiona nina akili kuliko wote nyumbani. Mwenye baa ya barabarani alikuwa ameshatuma mtu. Alitaka kuiweka mlangoni kwake, aijaze udongo, apande maua. Baba aliposikia neno maua aligeukia ukutani, na chai yake ikapoa mezani.

Siku mbili baadaye alimwita mama akamwekea mapajani gazeti la zamani la mambo ya ufundi. Palikuwa na picha ya tanga la Kichina, lenye mbavu za mianzi zilizopita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Hili," akasema.

"Hili lina nini, mzee?"

"Kamba moja. Unaachia. Linashuka. Nimekaa."

Tanga alilokuwa amelipanga zamani lilikuwa la pembe tatu, na upepo ukikaza ni lazima mtu aende mbele ya mashua, asimame, alikunje kwa mikono miwili. Hili la mbavu halimtaki mtu asimame. Kamba ya kulipandishia, jarari, inafika pale alipoketi mwendeshaji. Akiilegeza kidogo, vipande vya chini vinajikunja vyenyewe. Akiiachia yote, tanga zima linalala.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa anashona sare za shule tangu kabla sijazaliwa, na hakuna kitambaa kilichomtisha. Akatoa sharti lake: atashona, lakini siku ya kujaribu baba aingie ziwani peke yake, karibu na ufuko, alipandishe tanga na kulishusha kwa mkono mmoja bila kunyanyuka. Akishindwa, mwenye baa aje na mkokoteni wake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hakika atashindwa.

Turubai la lori lilikuwa zito mno, baba akalikataa kwa kulishika tu. Wakachagua kitambaa cha mahema, chepesi, bluu upande mmoja na kijivu upande wa pili, mama akanunua jora zima. Kisha wakaanza kubishana. Baba, aliyezoea kupima vitu kwa unene wa karatasi, alitaka vipande bapa kama vya pichani. Mama hakutaka kusikia.

"Nguo bapa haimkai mtu. Na upepo nao una kitambi, mzee. Lazima niuachie nafasi."

Baba akacheka kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu hospitali. Basi kila kipande kikachorwa na uvimbe kidogo, kama mama alivyowakatia suruali walimu wakuu.

Yaliyofuata ni ya aibu kidogo, na mama mwenyewe alipenda kuyasimulia. Alisogeza makochi, akatandaza kitambaa sakafuni, akakikunja katikati kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akakata. Suruali ina mguu wa kulia na wa kushoto; ukikunja kitambaa, mkato mmoja unakupa yote miwili. Tanga halina miguu. Ukingo wake wa mbele umenyooka, wa nyuma umelala mshazari, na vipande vyote sita lazima vielekee upande mmoja. Alipovipanga, vitatu vilielekea kule alikouchora mlingoti kwa chaki na vitatu vilielekea jikoni.

Jora lilikuwa limekwisha, yamebaki makombo ya kushonea mifuko. Mama akakaa chini juu ya kitambaa, miguu ameinyoosha mbele.

"Miaka thelathini nakata," akasema. "Leo nimeushonea upepo suruali."

Nami, mwenye akili, nikasema, "Si niliwaambia?" Nimesema maneno mengi ya kipumbavu maishani, lakini hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo.

Baba aliinama kwa taabu, akashika kipande kimoja kwa mkono wake mzima, akakigeuza. Rangi ya kijivu ikaja juu. Sasa kilielekea mlingoti.

"Upepo," akasema, akalitafuta neno, akalipata. "Hauoni rangi."

Hivyo tanga letu likawa na mistari, bluu, kijivu, bluu, kijivu. Seremala jirani, aliyekuja kusimamisha mlingoti, aliuliza kama mashua inakwenda kulala maana imevaa pajama. Mama akamwambia aangalie misumari yake. Baba alichonga kibanio cha mbao chenye meno, cha kuing'ata jarari isirudi wakati mkono wake unatafuta pa kushika tena. Alikichonga akiwa amekibana kipande cha mbao kwa magoti, kwa wiki tatu, na hakumruhusu mtu kumshikia.

Siku ya kujaribu tulifika asubuhi, ziwa limetulia. Mimi na seremala tuliisukuma mashua mpaka ikaelea. Baba aliubana usukani kwa paja, akavuta, kibanio kikang'ata, akavuta tena. Mama alihesabu vipande kwa sauti kama anayehesabu vifungo. Kwenye cha nne jarari ikakwama. Nilikuwa nimeshaingia majini hadi magotini mama aliponikamata sketi.

"Rudi."

Baba aliilegeza kidogo, akaitikisa, akavuta. Tano. Sita. Vitambi vyote vikajaa. Kisha akaachia, na tanga likashuka kipande juu ya kipande, yeye ameketi tu. Nililia, na sikujali seremala ananiona.

Mama akapunga kitambaa chake cha kichwa kumwita arudi. Baba alitutazama. Halafu akalipandisha tena, safari hii haraka zaidi, akageuza mashua, akaenda. Alipita mawe ya mwisho yaliyochomoza majini, akatoweka nyuma yake.

Ikapita saa nzima. Upepo ukaanza kuvuruga maji. Nikamwambia mama tukatafute mtu mwenye boti ya injini.

"Mwache," akasema. "Tangu atoke hospitali hajakwenda mahali bila kushikwa mkono."

Hakuketi, wala hakuniruhusu nimshike. Mistari ilipojitokeza tena tuliona mitatu tu kati ya sita.

"Amelipunguza mwenyewe," mama akasema, akarudia, "Amelipunguza mwenyewe."

Baba alifika ufukoni amelowa, shati limemtoka nje. Aliketi kwanza ndani ya mashua mpaka pumzi ikamrudia.

"Ulikwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Kule."

"Kule kuna nini?"

Baba alifikiri sana. "Hakuna kitu."

Mama alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, akamtazama.

"Kesho ubebe maji ya kunywa," akasema.