Mwenyeji Haketi

Paa la nyumba yangu aliliezeka Obrad. La kanisa pia, na la shule kabla haijafungwa kwa kukosa watoto. Alikuwa mtu wa kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Alipanda ngazi na vigae begani huku akiwatania waliobaki chini, na hakuna aliyethubutu kumjibu kwa sababu paa lilikuwa bado halijakwisha.

Kiangazi cha mwaka jana akaanza kituko kipya. Akifika katikati ya ngazi anasimama, anageuka, anatusimulia kisa. Mara kisa cha jeshini, mara cha mbuzi wa padri. Tukasema uzee umemfungulia hazina, maana zamani hakuwa na subira ya kisa kirefu. Kumbe mwenzetu alikuwa anasubiri kifua kiachie. Kisa kikiisha na maumivu yameisha, anapanda. Mkewe Desanka alimwona usiku akijisugua katikati ya kifua, akamuuliza, akajibiwa ni kiungulia cha kabichi chachu. Akanywa maji ya magadi, akalala.

Kwa daktari hakwenda. Baba yake, fundi wa mapaa vilevile, alianguka asubuhi moja uani akiwa hajagusa hata ngazi, akafa kabla kahawa haijamiminwa kikombeni. Kijiji kizima kilikisifu kifo kile: mwanamume safi, hakusumbua mtu, hakulala kitandani akilishwa uji. Obrad alikulia ndani ya sifa hizo. Kuugua, kwake, lilikuwa jambo la kuonea haya, kama kuiba kuku.

Sasa sikilizeni habari ya siku ya mtakatifu wa ukoo, maana ndiyo iliyomponza. Siku hiyo, slava, wageni hawaalikwi. Anayejua anakuja, na wote wanajua. Wanaketi, wanakula, na mwenye nyumba anasimama. Anamimina pombe kali ya rakia, anaongeza nyama, anapokea makoti mlangoni, anasimama tangu padri anapokata mkate hadi mgeni wa mwisho anapoondoka. Mwenyeji haketi. Mtu aweza kunyang'anywa shamba na bado akaheshimiwa, lakini aketi siku ya mtakatifu wake, atasemwa mpaka wajukuu.

Velimir aliketi. Huyo Velimir ndiye aliyemsimamia Obrad harusi na kuwabatizia watoto wake, na watu wa namna hiyo huitana somo hadi kufa. Katika majira ya kuchipua alipata shtuko la moyo, akazibuliwa mshipa hospitali, akarudi mwembamba na mfuko wa vidonge. Ilipofika siku ya Mtakatifu Luka, mtakatifu wa ukoo wake, alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akawaacha binti zake wahudumie.

Obrad aliingia, akamtazama, akasema mbele ya meza nzima, "Somo, Mtakatifu Luka alikuwa tabibu, lakini sijasikia kwamba aliagiza mwenyeji akae kama bi harusi! Tukutafutie shela?"

Tulicheka. Velimir naye alicheka, masikio yamewiva. Kisha akainuka. Alisimama mpaka jioni, uso rangi ya majivu, na kila alipomimina chupa iligonga ukingo wa gilasi. Obrad alikula nyama ya nguruwe na mikate miwili yenye mafuta, akasifu mapishi. Nilimkasirikia siku ile bila kujua alikuwa anamcheka nani. Alikuwa ameshajisugua kifua miezi minne.

Wiki tatu baadaye ikaja zamu yake, siku ya Malaika Mkuu Mikaeli.

Mimi ni jirani, na siku za namna hiyo jirani wa kike hana nyumba. Nilikuwa jikoni kwa Desanka tangu alfajiri. Nilimwona Obrad alipopokea padri. Shati jeupe, na jasho limemtoka juu ya mdomo, ilhali nje kulikuwa na umande uliogandia kwenye nyasi. Nikamwambia, "Obrad, umeiva kama pilipili."

"Jiko lako limewaka kupita kiasi, mwanamke."

Padri akaondoka, wageni wakajaa vyumba viwili na ukumbi. Obrad alimimina, akatania, akabeba sahani. Kila nilipochungulia alikuwa ameegemea kitu: mlango, kabati, bega la mgeni. Karibu na adhuhuri nikaingia ghalani kuchota pilipili za siki. Ghala lao liko nyuma ya jiko. Mapaja ya nguruwe yananing'inia darini, pipa la kabichi limejaa pembeni. Na nyuma ya pipa, juu ya kreti iliyopinduliwa, Obrad.

"Funga mlango," akasema.

"Unaumwa?"

"Nimeketi tu."

Mtu mwingine angesema "nakufa" na nisingeshtuka hivyo. Mkono wa kushoto ameukumbatia kama mtoto mchanga, na machozi yamemlenga, na hayakuwa ya maumivu. Aliona haya. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa uchi.

"Nimwite Desanka, tupige simu hospitali."

"Ukipiga simu watakuja na king'ora. Watanibeba mbele ya meza. Mbele ya wageni wangu, siku ya mtakatifu wangu! Naomba dakika tano. Kitaachia. Huwa kinaachia."

"Huwa? Tangu lini huwa?"

Akajisugua katikati ya kifua.

"Basi namwita somo Velimir. Yeye anayajua haya."

Hapo ndipo alipokamata sketi yangu. Mtu asiyeweza kunyanyua gilasi, akakamata sketi yangu kwa nguvu hadi kishikizo kikakatika. "Mtu yeyote," akasema, "ila siyo Velimir. Nakuomba kwa watoto wako. Yeye asinione."

Sina subira na mambo ya wanaume. Nilimtoa vidole kimoja kimoja, nikamwambia Desanka apige simu, nikamfuata Velimir chumba cha kwanza, nikamnong'oneza. Aliweka uma chini bila kuuliza kitu.

Alipoingia ghalani Obrad aligeuza uso ukutani. Kabisa, kama mtoto aliyepewa adhabu. Velimir akapiga goti mbele ya ile kreti, polepole, maana na yeye si mzima.

"Mkono tu?"

"Na taya," Obrad akauambia ukuta.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu padri."

"Padri alikuja saa tatu, we punda!" Akatoa vidonge mfukoni. "Hii ni aspirini. Tafuna, usimeze."

"Somo... siku ile ya Luka, mezani kwako..."

"Tafuna."

"Nilikusema vibaya, na mwenyewe nilikuwa..."

"Nimekwambia tafuna! Utaniomba radhi ukiwa mzima, na nitakutukana vizuri, kwa nafasi. Sasa sina muda."

Desanka akaja na simu sikioni, uso hauna damu. Wale wa gari la wagonjwa walikuwa wameshatoka, lakini barabara ya juu ilikuwa ya utelezi. Wakataka tumteremshe, wakutane nasi kwenye kinu cha zamani. Gari langu lilikuwa uani, nyuma. Ghala lina mlango wa kutokea kwenye miti ya plamu. Obrad alituachia tumshike makwapa, lakini kizingitini akakaza miguu.

"Wageni je? Nani atawasimamia?"

Velimir alikuwa ameshaichukua chupa ya rakia na kitambaa cheupe cha mwenyeji. "Mimi."

"Na moyo wako?"

"Wangu umeshatengenezwa. Nenda."

Nikaendesha. Desanka nyuma amemshika mumewe, Obrad anauliza kila kona kama kuna mtu aliyetuona. Hakuuliza kama atapona. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia kwa hasira, na mara nikajuta kutaja kifo. Kwenye kinu tukawakabidhi wale wauguzi, wakamtandika waya kifuani, wakaondoka na king'ora chao. Bondeni hakukuwa na wa kukisikia ila kondoo. Desanka hakupewa nafasi garini mwao, nikamrudisha nyumbani.

Walimpitishia uzi mwembamba kifundoni mwa mkono hadi moyoni, wakaweka kibomba cha wavu pale palipoziba. Kesho yake nilikwenda na Desanka kumpelekea nguo za kulalia. Daktari alikuwepo, mwanamke mdogo kuliko watoto wa Obrad, nywele amezifunga kwa kalamu.

"Mshipa wa mbele ulikuwa umeziba wote," alimwambia. "Ndani ya mishipa yako kuna ukoko, mzee. Mafuta na chokaa, tabaka juu ya tabaka, unajijenga tangu ujana wako. Sigara, presha, nyama za mafuta, na urithi. Baba yako alikufa na nini?"

"Alikufa vizuri," Obrad akasema.

"Alikufa na huu huu. Njia ikiwa nyembamba, ukipanda ngazi moyo unalia njaa ya damu. Ndiyo maumivu uliyoyaita kiungulia. Jana ukoko ukapasuka, damu ikagandia pale, njia ikafungwa kabisa. Hapo kila saa ina thamani yake." Akatazama karatasi zake. "Maumivu yalianza asubuhi. Umefika hapa mchana umekwisha. Ungekuja mapema, msuli wote ungepona. Sasa sehemu yake imekufa, na haitafufuka. Utaishi, ukifuata dawa na ukiacha sigara. Ila mapaa, basi."

Obrad alitazama mikono yake juu ya shuka, ile mikono iliyoezeka kijiji.

"Ulikuwa wapi muda wote huo?" daktari akauliza.

"Nyumbani. Ilikuwa siku ya Malaika Mkuu."

"Ukifanya nini?"

"Nimesimama. Mwisho nikaketi. Ghalani. Nyuma ya pipa."

Daktari ni wa huku huku. Nyumbani kwao pia kuna mtakatifu, na baba anayesimama. Alielewa. Aliacha kuandika, akamgusa Obrad mguu kupitia blanketi, akatoka. Ni heri angemgombeza. Obrad aliwiva hadi shingoni, na mimi nikatazama dirishani, maana aibu ya mtu mzima ni nzito hata kwa anayeitazama.

Desanka akaanza kutoa nguo kwenye mfuko. Suruali, shati, soksi za sufu. Hakuwa amelala.

"Velimir yu hali gani?" Obrad akauliza.

"Mzima," akasema Desanka. "Alisimama hadi mgeni wa mwisho. Alizima mshumaa wa mtakatifu kwa mvinyo, kama mwenyeji, akaketi jikoni na viatu vyake, akasema hawezi kuinama kuvivua. Nikamvua mimi."

Obrad akafumba macho. Kisha akauliza kile alichokuwa amekishikilia tangu jana. Nilijua atauliza.

"Na wageni? Walisemaje?"

"Walisema nyama ilikuwa laini."

"Desanka. Juu yangu. Walisemaje nilipotoweka?"

Desanka alilaza soksi juu ya soksi, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Nilimwona akitafuta uongo na kuukosa.

"Hawakuuliza, Obrad. Wa chumba cha kwanza walidhani uko cha pili. Wa cha pili walidhani uko cha kwanza. Walikuwa wanakula."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni."

"Hata mmoja hakuuliza?"

"Hata mmoja."

Alivuta shuka pole pole kwa ule mkono uliofungwa bandeji, akajifunika uso mzima. Desanka aliinama kumfunua, mkono wake ukasita hewani, akamwacha.