Sheria ya Farasi Aliyesimama

Farasi akifa vitani, aliyempanda anasonga vyumba vingapi?

Nilimwuliza Baba swali hilo nikiwa na miaka kumi, na hunirudia kila ninaponusa ngozi iliyopakwa mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya Bondeni, mjini Nakuru. Nyuma ya mlango, kwenye msumari mmoja, zilining'inia hatamu tatu ambazo Baba alizipaka mafuta kila Jumapili, ingawa hatukuwa na farasi. Hatukuwa hata na mbuzi.

Kabla ya Uhuru Baba alikuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu mmoja kule Njoro. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, Baba alikuja mjini akapata kazi ya kupiga randa kwa jirani yetu, seremala Singasinga. Mtoto wa seremala huyo, Harjit, alikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa kilichojaa ngome na majitu. Alichonga wapiganaji na farasi kwa masalio ya mbao, akachora vyumba vya mraba kwenye saruji ya baraza letu kwa lile jiwe jeupe la Kariandusi linaloandika kama chaki. Yeye alisimulia: mto umefurika, jitu limekaa darajani. Sisi watoto wengine tulisema wapiganaji wetu wanafanya nini, kisha dadu za ludo ya dada yake zikaamua.

Wa miguu alisonga vyumba viwili, wa farasi sita. Kwa nini sita? Nani alipima? Mama alikuwa akisema mtoto wa maswali hula ugali baridi, nami niliula sana.

Baba akitoka kazini aliketi kwenye ngazi, vumbi la mbao likiwa bado nyusini, akatusahihisha.

"Farasi hageuki kama mlango," alisema. "Anataka nafasi."

Basi kugeuka kukawa kunakula vyumba viwili. Mara nyingine alituambia farasi haingii maji ambayo haoni chini yake, tukaandika kwamba kwenye mto farasi asimame zamu moja nzima. Baba alikuwa mtu wa maneno machache kama chumvi. Jioni zile alizungumza. Nilizipenda kuliko mchezo wenyewe, na mara nyingine nilibuni ubishi ili tu aendelee.

Kisha Harjit akaleta sheria mpya: mpanda farasi akipigwa, anaweza kumtoa farasi apokee pigo badala yake. Jioni hiyohiyo jitu lilinipiga pale darajani. Farasi wangu aliitwa Moshi, na nilimpenda kama kitu chenye pumzi.

"Toa farasi, Nyambura," Harjit alinihimiza. "Ngome ni ile pale! Ama unataka kufa bure?"

"Hiyo si haki, bwana."

"Ni sheria. Wewe si ndiye unapendanga sheria?"

Nilitaka ile ngome. Nilimlaza Moshi ubavu.

Baba aliinama akamtazama. "Amekufa vipi?"

"Nimemtoa apokee pigo."

"Alikuwa amesimama tu? Hakukimbia?"

"Angekimbiaje, Baba? Hatamu ninashika mimi."

Nami, kwa kuwa Harjit alikuwa akingoja, nikauliza: "Sasa farasi amekufa, mimi nasonga vyumba vingapi?"

Baba alimwokota Moshi, akamtia mfukoni mwa koti lake la kazi, akaingia ndani.

"Aii, mzee amebeba farasi!" Harjit alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Niliona aibu, na aibu yangu siku zote ilikuwa na ulimi. Nilisema kwa sauti ya kupita ukutani: "Hajui jibu. Alikuwa analishanga tu farasi za Wazungu. Hakuwahi kupanda hata moja."

Kesho yake Baba alitoka kazini akapitia mlango wa nyuma. Hakuketi tena kwenye ngazi. Mvua ilifuta vyumba vyetu, na sikuomba msamaha, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli, na wakati ule niliamini kweli haiombewi msamaha. Chuo kikuu baadaye kilinifundisha kudai ushahidi wa kila jambo. Ule ulioning'inia nyuma ya mlango wetu, zile hatamu tatu, sikuwahi kuuliza ni wa nini.

Baba alifariki mwaka juzi. Tulipokunja nguo zake, Moshi alikuwa bado katika lile koti, mgongo umelainika kwa kushikwashikwa. Nilimwonyesha Mama kwa mzaha wa msiba. Yeye hakucheka. Alikaa kitandani akaniambia.

Yule Mzungu hakutaka farasi wake wabaki kwa mtu mwingine. Asubuhi ya kuondoka alichukua bunduki, akamwamuru Baba awatoe mmoja mmoja na kuwashika. Baadaye Baba alifuata njia ya reli kwa miguu, kutoka Njoro mpaka Nakuru, hatamu tatu begani.

Farasi wa tatu alikuwa amekwisha kuwaona wawili wakianguka. Alisimama wima, hakukimbia. Hatamu alishika Baba.