Bi Ummu na rufaa za askari wanaosema hawajambo

Saa mbili kasorobo asubuhi. Ummukulthum Borafya anapandisha mlango wa bati wa duka lake la uchapaji, Mwanakwerekwe, na kabla hajawasha kompyuta, mwanamme asiyemjua ameshaingia ndani. Ana bahasha ya kaki mkononi. Hakai. Anasimama mgongo ukutani, macho kwenye pazia lililo nyuma ya meza.

"Mna nani humo?" anauliza.

"Mna karatasi na mende," anajibu mwenye duka. "Shikamoo. Karibu kiti."

"Marahaba. Nnasimama tu."

Hivyo ndivyo Bi Ummu, kama wateja wanavyomwita, alivyokutana Februari mwaka huu na Mkubwa Msabah, sajini mstaafu wa miaka hamsini na minane kutoka Makunduchi. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kumkatalia fidia ya ulemavu unaotokana na maradhi ya akili. Sheria ilimpa siku tisini za kukata rufaa. Sabini na moja zilikuwa zimeshakwisha.

Mkubwa alikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa nje ya nchi kulinda amani. Huko gari lililokuwa mbele ya lake lilishambuliwa na kuungua na watu wake. Alirudi mzima wa viungo, akatumikia hadi kustaafu, lakini nyumbani hakurudi yule aliyeondoka.

Bi Ummu aliisoma barua mara mbili. Sababu ya kukataliwa ilikuwa mstari mmoja: mdai mwenyewe alimweleza daktari kuwa hajambo, analala vizuri na hana tatizo lolote.

"Nani kasema haya?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mtoto wa watu kanipa shikamoo, kaniuliza hali. Nimwambie nini? Mtu akikusalimu unammwagia matatizo yako?"

Bi Ummu anasema hakucheka, ingawa alitaka. Katika miaka sita ameandika rufaa ishirini na tatu za askari wastaafu, na zaidi ya nusu zilikwama hapo hapo. Mzanzibari aliyelelewa vyema akiulizwa hali hushukuru kwanza. Daktari huandika alichoambiwa, na shukurani inageuka ushahidi.

Yeye si mwanasheria. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa masijala, kazi iliyomfundisha namna faili linavyotembea na mahali linapolala. Siku hizi huchapa barua, wasifu wa waomba kazi na kadi za harusi kwa shilingi mia tano ukurasa. Siku njema humwachia elfu kumi na tano. Rufaa za askari hatozi zaidi ya karatasi.

Sababu anaieleza kwa ufupi. Kaka yake, Abdulhakim, alirudi kutoka jeshini akiwa haongei. Familia ikasema ni shetani, akatibiwa nyumbani, siku tisini zikapita bila ya mtu kujua kuwa zinahesabiwa. "Mimi ndiye niliyekuwa karani," anasema. "Barua yake niliiweka kabatini kwa mkono wangu, nikaona tutaisoma akipoa."

Njia yake ya kufanya kazi ni moja: hamhoji askari. Anamwendea anayeishi naye. Jumapili iliyofuata alikuwa Makunduchi, jikoni kwa Riyama, mke wa Mkubwa, ambaye hulima mwani na hufahamika kijijini kwa maneno machache.

Riyama alimkaribisha kwa chai na mkate wa kumimina, kisha akakataa.

"Mke ni nguo ya mumewe," alisema. "Leo wewe unataka nimvue mbele ya watu nisiowajua, kwa ajili ya pesa?"

Bi Ummu hakubishana. Alimaliza chai, akamsaidia kuosha vikombe. Baadaye akamwambia kuwa hataki kujua Mkubwa anaumwa nini. Anataka kujua jana ilikuwaje tu, tangu adhana ya alfajiri.

Riyama alikubali kwa sharti. Maneno yake yasomwe na wakubwa wanaohusika peke yao, na majibu yakishatoka yafutwe yote mbele yake, isibaki hata nakala moja dukani. Bi Ummu akakubali. Mazungumzo yalichukua saa tatu.

Familia imeruhusu mambo mawili tu yachapishwe hapa. La kwanza, kwamba kitanda chao kimekuwa kikisukumwa mlangoni kila usiku kwa miaka kumi na miwili. La pili, kwamba Mkubwa hajaswali Idi uwanjani tangu arudi, kwa sababu fataki za watoto humpeleka uvunguni. Mengine ni ya wenyewe.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Ofisi ya fidia ilitaka uthibitisho wa lini maradhi yalianza, na kadi ya kliniki ya Mkubwa ilikuwa ya miaka mitatu tu nyuma. Kabla ya hapo alikuwa akinyweshwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Bi Ummu akamfuata aliyekuwa akimwandikia, Maalim Masoud.

Maalim alisita. Aliuliza kama serikali inamtaka ajifanye daktari. Akajibiwa kuwa inatosha aseme nani alikuja na lini. Mwaka aliukumbuka bila ya shida, kwani ndio msikiti wake ulipoezekwa bati, na Mkubwa alishindwa kuvumilia kelele za nyundo. Alitia saini siku hiyo hiyo.

Rufaa ilipokelewa Mji Mkongwe ikiwa imebakia siku nne.

Mwezi uliopita majibu yalitoka. Mkubwa amekubaliwa ulemavu wa asilimia arobaini, chini ya alichoomba, pamoja na matibabu ya kudumu. Sasa huenda kliniki kila mwezi, na Riyama hukaa naye chumbani daktari anapouliza. "Mimi nnashukuru," anasema Mkubwa. "Yeye ndiye anayesema kweli."

Habari zilisambaa. Tahir Wakil, anayeongoza kikundi cha wastaafu, alifika dukani kuomba nakala ya maelezo ya Riyama. Wanachama wake kumi na mmoja wanasubiri kuandikiwa, na sampuli iliyoshinda ingewafaa wote. Bi Ummu alikataa.

"Hata majina ukiyafuta?" aliuliza.

"Makunduchi nzima itajua ni nani."

"Basi utawaandikia kumi na mmoja kuanzia sifuri, Bi Ummu?"

"Nitawaandikia."

Anachopanga sasa ni ukurasa mmoja wa maswali mepesi kwa wake na watoto wa askari, ugawiwe kupitia kwa masheha, viongozi wa mitaa, ili familia zianze kukumbuka kabla siku hazijaanza kuhesabiwa. Nchi inayojua kuwaaga askari wake kwa bendi inaweza kujifunza kuwauliza wanaporudi.

Jumatano Riyama alikuja mjini. Bi Ummu alimweka mbele ya kompyuta, akalifuta faili huku mwenyewe anaangalia, akamkabidhi nakala ya karatasi. Riyama aliikunja ndogo, akaitia kifuani, akaaga.

Mstaafu wa kwanza kwenye orodha ya Tahir anaishi Kidichi, na amebakiwa na siku kumi na mbili. Kwa sampuli, kazi yake ingekuwa ya asubuhi moja. Bi Ummu amefunga duka siku tatu, katikati ya msimu wa kadi za harusi, akakae na mke wa mstaafu huyo.