Lango la Miiba Bondeni

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, tulipokuwa tunapima bonde la Rukwa, mbele ya Ilemba. Mwanangu, usinione nimekaa hapa Sumbawanga na kikombe cha chai. Nilitoka nyumba ya wakulima wa ulezi, nikaenda Dar es Salaam na viatu vya kuazima, nikarudi na diploma ya upimaji. Kikosi kizima hakuna aliyeshika darubini ya kupimia kama mimi. Waliokuwepo wapo, waulize.

Lakini sikutulia. Upepo ulituletea vumbi la chumvi, maji yalikuwa yanaisha, na roho yangu ilishatangulia mjini. Wenye mitaji walikuwa wanaingoja ramani yetu, waone ardhi ipi iko wazi ili waiombe.

Tukafika kwenye maboma ya Wasukuma. Hapakuwa na ng'ombe wala moshi, na malango yalizibwa kwa miiba. Kiongozi wetu akasema, "Mahame hayo. Andika, twende."

Nikatoa penseli. Mzee mmoja aliyeachwa nyuma kutunza ndama akatusogelea. Nikamwamkia shikamoo huku macho yangu yako kwenye gari.

"Marahaba. Unaandika nini?"

"Mahame, mzee. Hapana watu."

"Wamepeleka ng'ombe kwenye maji. Mvua zikianza watarudi. Mahame nani anayaziba lango?"

"Mzee, tuna haraka."

"Naona. Mkeo akienda kwao kujifungua, utaandika huna mke?"

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaishusha penseli. Niliona nyumba zile zikigawiwa mtu mwingine kwa neno langu moja. Nikamwambia kiongozi siliandiki. Akaniita mkaidi, akatishia kunirudisha ofisini. Nikazunguka boma moja baada ya jingine, nikayachora yote kama makazi, kikosi kikininunia.

Ramani ikatoka hivyo. Wenye mitaji walipokuja, walikutana na watu kwenye karatasi kabla ya kukutana nao bondeni.

Sasa naona na wewe miguu inakuwasha, kesho unataka kuondoka. Nenda, mwanangu, hata mimi nilikwenda. Ila popote utakapopewa kalamu juu ya maisha ya watu, usiandike kwamba hawapo kwa sababu tu wewe una haraka. Muulize aliyebaki, na usimame mpaka amalize kujibu.

Mungu akunyooshee njia. Na ukiwa mbali, kwenu pasikose mtu wa kusema: huyo atarudi.